Mjomba, kila mtu ananitajia pikipiki yake. Ninunue ipi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, naishi Uyole hapa Mbeya na binti yangu wa miaka 6. Mwaka huu nimehamishiwa shule ya upande wa Rungwe, kule juu kwenye viazi. Kutoka kwangu ni kama kilomita 20. Nyingi ni lami, lakini 6 za mwisho ni udongo mwekundu unaopanda mlima mwanzo mpaka mwisho. Napanda daladala mpaka njiapanda, halafu bodaboda. Kwa siku natoa shilingi 7,000 kwenda na kurudi, na huu ni mwezi wa nane, barabara kavu. Wenzangu wananiambia mvua zikishika bodaboda wanapandisha bei au wanagoma kabisa kupanda, na mwalimu anavua viatu anatembea.

Nimechoka. Kikoba chetu kimevunjwa mwezi uliopita, nina shilingi 2,600,000, nataka pikipiki yangu mwenyewe. Tangu niseme hivyo kila mtu ananivuta upande wake. Kaka yangu anasema ninunue yenye injini ya cc 150 au niache, kwamba mlima ule hautaki mzaha. Jirani yangu ni bodaboda, ana pikipiki ya Kichina, ananiuzia kwa 1,100,000. Inawaka vizuri, nimeisikia. Kadi ya usajili anasema iko kwa mtu aliyemuuzia yeye, kahamia Tunduma, ataifuata. Mwalimu mwenzangu anasema mwanamke achukue skuta, haina gia, haisumbui. Mama yangu hataki kusikia lolote. Anasema mwenye mtoto mmoja hapandi kitu cha magurudumu mawili.

Mjomba, mimi nimekulia Kyela, baiskeli nimeendesha tangu darasa la pili. Pikipiki sijawahi kuishika usukani. Ni mfupi, futi 5 na inchi 1, kilo 52. Naomba uniambie ukweli: ninunue ipi, mpya au ya mkononi? Na je, naweza kumpakia binti yangu asubuhi? Shule yake iko Igawilo, napita pale pale.

Mwalimu wa Uyole

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na pikipiki ya jirani yako, kwa sababu ndiyo inayoweza kuondoka na hela zako wiki hii. Iache. Simwiti jirani yako mwizi, huenda ni kijana mwema kabisa. Lakini pikipiki bila kadi haiwezi kuhamishwa TRA ikawa kwa jina lako, na isipokuwa kwa jina lako, siku trafiki atakapoikamata, au ikaibiwa, au ikamgonga mtu, utakuwa unahangaikia mali ambayo kwenye maandishi ni ya mtu wa Tunduma usiyemjua. Na huyo wa Tunduma naye akiwa na deni, au kadi imewekwa rehani mahali, utakuja kujua wakati umeshalipa. Nimewaona watu wakilia polisi kwa ajili ya jambo hili, watu wazima wenye familia. Mwambie jirani: kadi kwanza, hela baadaye. Akiileta, mwenye jina lililoandikwa kwenye kadi ndiye asaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, awe na TIN yake na wewe uwe na yako. Kisha usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya pikipiki, pale chini ya usukani, na namba iliyoko kwenye injini. Zilingane na kadi herufi kwa herufi. Ukikuta mahali pameparuliwa na tupa au pamepakwa rangi mpya, geuka urudi nyumbani.

Hata kadi ikija, bado sikushauri. Piga hesabu na mimi. Bodaboda anayefanya kazi kweli anamaliza kilomita 100 kwa siku bila shida, mara siku 300, hizo ni 30,000 kwa mwaka. Wewe kwa kilomita zako 40 kwa siku, na siku za shule zilivyo, hufiki hata 9,000. Pikipiki ya bodaboda ya miaka miwili imeshazeeka kuliko yako itakavyokuwa ikifika miaka sita. Na usiangalie saa ya kilomita, nyingi waya wake umechomolewa zamani. "Inawaka vizuri" uliyoisikia ni injini iliyokwisha kupata moto. Pikipiki ya mkononi inapimwa alfajiri ikiwa baridi, tena baridi ya Uyole, na unaigusa injini kwa mkono kabla hajaiwasha, uhakikishe hakuna aliyetangulia kuipasha.

Sasa kaka yako. Anakupenda, na kuhusu mlima hajakosea kabisa, kwa hiyo nimjibu kwa heshima.

Injini inakula petroli na hewa, na huku kwetu hewa ni nyepesi. Injini hizi za kawaida zinapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na kwenye viazi huko unakofundisha ni 2,000 au zaidi. Maana yake cc 125 ikifika shuleni kwako inasukuma kama cc 100 iliyoko Dar es Salaam. Ndiyo sababu cc 100, ambayo kule Kyela kwenu kwenye tambarare ingekufaa sana, hapa sikupi: itapanda, lakini itapanda ikilia, na siku umefunga boksi la madaftari nyuma utateremka usukume. Cc 125 na mtu wa kilo 52 ni jambo jingine. Gia ya kwanza na ya pili zitakufikisha juu bila kuitesa injini. Cc 150 ni ya anayepandisha watu wawili na lumbesa ya viazi. Si mbaya, ila unalipia nguvu usiyoihitaji, na unalipia zaidi mafuta.

Lakini kuna kitu kaka yako hakukitaja, na mimi kwangu ndicho kikubwa. Mtu anayeanza mara nyingi anaangushwa akiwa karibu amesimama. Amefika kwenye kona ya matope, kakutana na ng'ombe, kapunguza, injini imezimika, anatafuta ardhi kwa mguu na mguu haufiki. Pikipiki ya kilo 115 au 120 ikishaanza kulala upande, mikono ya kilo 52 haiirudishi. Kwa hiyo kabla hujauliza bei dukani, panda ukae. Vaa viatu utakavyovaa njiani. Viti vya pikipiki za aina hii viko sentimita 80 hivi kutoka chini, kwa hiyo kwa urefu wako visigino vyote viwili havitagusa, usitegemee hilo. Ninachotaka ni sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili ikanyage kwa uthabiti, au ukisogeza kiuno kidogo, mguu wa kushoto ukanyage wote huku wa kulia uko kwenye breki. Ukijikuta unasimamia ncha za vidole kama mtoto anayechungulia dirishani, hiyo si yako hata kama ni nzuri namna gani. Shokapu za nyuma zina ngazi za kukaza na kulegeza. Mwambie fundi azirudishe ngazi ya chini kabisa, utapata ahueni kidogo. Na kwa sababu hii hii usishawishiwe na zile ndefu za maafisa kilimo na wauguzi wa vijijini, DT ya Yamaha na XL ya Honda. Ni pikipiki za kazi kweli kweli, lakini kwa futi 5 na inchi 1 utakuwa unapanda kama farasi.

Skuta nayo. Mwenzako amekwambia haina gia, na kweli haina. Kwa mtu wa Uyole kwenda Mwanjelwa na kurudi ningesema sawa. Kwako hapana, na sababu ni magurudumu. Ya skuta ni madogo, mengi inchi 10 au 12, na barabara ya udongo ikishakatwa na malori ya viazi inabaki na mifereji. Gurudumu la inchi 17 au 18 linavuka mfereji, lile dogo linaingia na kubaki humo. Halafu kuna kuteremka. Ukitoka kazini saa tisa unashuka kilomita 6, na skuta haina gia ya kukushikilia.

Hapo kwenye kuteremka naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Nilipokuwa kijana nilikuwa natoka Tukuyu na mizigo, na kila penye mteremko nazima injini, naweka frii, ninaokoa petroli. Siku moja nashuka kuelekea Uyole, breki za nyuma zikapata moto. Nakanyaga, pedali inakwenda mpaka mwisho na pikipiki haisikii. Mbele yangu kuna kosta inashusha abiria. Niliingia kwenye shamba la mahindi la watu kwa hiari yangu, na kovu la goti ninalo mpaka leo. Breki za dramu zikichemka zinapoteza nguvu, na mikononi huna kingine. Teremka na gia ile ile ambayo ungepandia: kama unapanda kwa ya pili, shuka kwa ya pili, ufunge mkono wa mafuta, injini yenyewe itakuvuta nyuma, na breki utaigusa kidogo kidogo. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, jifunze kuitumia na usiiogope. Kwenye udongo uliolowa iguse kama unagusa yai. Ukipata yenye breki ya diski mbele, ongeza hela uichukue.

Umeuliza jina. Ningekuwa wewe ningechagua kati ya TVS HLX 125 na Boxer ya cc 125. Zote mbili zinatoka India, zote ni ngumu, na vipuri vyake kuanzia Mwanjelwa huvikosi. Za Kichina sizitukani. Nyingi zinafuata umbo la injini ya zamani ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, inayosukuma valvu kwa fimbo badala ya cheni ya taimingi, na ndiyo maana fundi yeyote anaifungua na kipuri cha hii kinaingia kwenye ile. Udhaifu wake ni kwamba hazilingani: moja inatoka imekazwa vizuri, ya pili nati zinaanza kudondoka mwezi wa pili, spoki zinalegea, nyaya za umeme zinaloa. Mtu mwenye uzoefu anaishi nayo. Anayejifunza hajui bado sauti ipi ni ya kawaida na ipi ni ya hatari.

Kati ya hizo mbili, simruhusu muuzaji akuchagulie. Atakayekuchagulia ni fundi wa kule kijijini. Jumatatu ukifika kazini, muulize yule bodaboda anayekupandisha: hapa nani anatengeneza? Nenda kwake. Muulize ana vipuri gani ndani ya boksi lake leo, siyo anavyoweza kuagiza. Waya wa klachi, plagi, tyubu, breki za nyuma. Angalia pikipiki tatu nne zilizolazwa pale kwake ni za aina gani. Hapo usifikiri kwamba aina iliyojaa gereji ndiyo mbovu, mara nyingi ndiyo iliyojaa kijijini. Ile ambayo anaifungua huku akiongea na wewe bila kuangalia bisibisi, hiyo ndiyo utakayonunua. Waya wa klachi ukikatika saa kumi jioni, ukungu umeshuka, kaka yako hayupo, mimi sipo, muuzaji wa mjini hayupo. Yupo yeye.

Mpya au ya mkononi? Usinunue kitu cha 2,600,000 ukiwa na 2,600,000. Tenga kwanza hela ya mafunzo na leseni, bima, kofia, koti la mvua na buti. Ukitenga hivyo huenda mpya ikawa mbali kidogo. Basi subiri. Miezi miwili mitatu ya kuweka akiba si mingi, na huo ndio muda utakaoutumia kujifunza. Dukani uliza bei ukiwa na kalamu: usajili umo? Kadi itatoka kwa jina langu? Bima imo? Kofia ni ya kweli au ni lile bakuli la plastiki? Ukipata ya mkononi ya mtumishi mwenzio, mtu mmoja tangu mpya, kadi ya jina lake, anakuruhusu uje na fundi wako saa kumi na mbili asubuhi, ichukue bila hofu. Fundi atikise gurudumu la nyuma kushoto na kulia asikie kama bushi zimekwisha, ainue mbele azungushe usukani asikie beringi, aiwashe aangalie moshi. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua, na hapo unazungumzia pistoni na ringi. Kama pikipiki imetoka Dar es Salaam au Kyela, mwambie achomoe plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, kabureta bado imepimwa kwa hewa nzito ya kule chini na inakunywa petroli bure. Ni kazi ndogo kurekebisha.

Mafuta yasikutie hofu. Cc 125 iliyotunzwa inakwenda kilomita 45 hadi 50 kwa lita, basi safari yako ya siku ni lita moja, hata ukiweka akiba kidogo ya mlima. Linganisha na hizo 7,000. Oili ndiyo usibanie. Ikiwa mpya, ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 500, zinazofuata kila 2,000. Nunua oili ya pikipiki. Ya gari usiweke hata ukipewa bure, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za gari zinaifanya iteleze.

Kujifunza anza sasa, kabla ya Novemba. Mvua zetu zikianza ni mpaka Aprili, wakati mwingine Mei, na udongo wa Rungwe ukilowa hata wenyeji wanaanguka. Nenda chuo cha udereva kinachojulikana, chukua leseni ya kujifunzia, usimwombe kaka yako akufundishe barabara kuu jioni. Daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125, A ni la zinazozidi. Jumapili baada ya ibada tafuta uwanja wa mpira, zunguka saa nzima kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mtu anayetembea, kwa klachi tu. Baiskeli ya Kyela imekupa mizani, na hiyo ni nusu ya kazi. Iliyobaki ni mkono wa kushoto, ule wa klachi. Halafu jifunze kuondoka mlimani: breki ya nyuma imeshika, klachi unaiachia mpaka usikie injini inainama, ndipo unaachia breki. Rudia mara hamsini. Mara ya kwanza kwenda shuleni, nenda Jumamosi bila haraka wala mzigo.

Mama usigombane naye. Hofu yake ina sababu, barabara hii ameiona ikichukua watu. Mwonyeshe kofia kabla hujamwonyesha pikipiki. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba kofia nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40, na ya kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70. Na mwambie saa zako: utaondoka kumekucha, utarudi kabla ya giza, ukungu ukishuka usione nguzo ya pili, utapaki na kupanda daladala kama zamani. Umwahidi hivyo na utimize. Kwamba wewe ni mwanamke, hilo lisikusumbue kabisa. Milima hii wauguzi na maafisa ugani wanawake wameipanda kwa pikipiki miaka mingi, mvua na jua.

Binti yako. Kwa sasa hapana, mwanangu, na najua hili ndilo ulilotamani zaidi. Mpaka uwe umemaliza miezi mitatu ya kwenda na kurudi peke yako, ikiwemo miwili ya mvua, usimpakie. Baada ya hapo mpakie siku kavu tu, akae nyuma yako, asikae mbele kwenye tanki hata siku moja, kwa sababu ukifunga breki kifua chako kinamsukuma yeye kwenye usukani. Nyayo zake zifike kwenye vikanyagio. Zisipofika bado hajafikia umri wa kupanda, hata kama miezi mitatu imepita, aendelee kwenda na watoto wenzake wa mtaani. Na akishafikia, kofia yake mkanunue pamoja, aivae pale pale dukani, afunge mkanda, atikise kichwa. Ikicheza, mrudishie muuzaji, umwombe ndogo zaidi.